Viumbe Niliowatunga Garsen

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Garsen, mwaka wangu wa pili kazini, na kila Jumamosi alasiri tulikuwa na mchezo wetu. Tulikuwa watatu: mimi, binti wa Kipokomo wa papo hapo mtoni Tana; mwalimu mwenzangu wa hesabu, Muorma, ambaye baba yake na ndugu zake walichunga ng'ombe nje kabisa ya mji; na sista, muuguzi wa zahanati, mama wa Kigiriama aliyetuzidi umri sote wawili.

Mchezo tuliachiwa na mwalimu mgeni wa kujitolea alipomaliza muda wake. Kilikuwa kitabu cha kanuni kilicholiwa na mchwa pembeni, na dadu saba, nyingine zenye pande nyingi kuliko tulizowahi kuona. Mmoja anasimulia kisa, wengine wanajifanya watu walio ndani yake, na jambo la hatari likija dadu ndizo zinazoamua. Ukitaka, unaweza kuwa kiumbe asiye binadamu. Kitabuni walikuwamo wafupi wenye ndevu wanaochimba milima, na warefu wenye masikio yaliyochongoka.

"Milima yenyewe iko wapi hapa?" sista aliuliza.

Nikasema basi, nitatunga wetu.

Nilianza na kitu nilichokijua, yule samaki wa topeni ambaye maji yakikauka hujizika, akalala hadi mvua. Nikatunga watu wa namna hiyo, wanaopumua majini na nchi kavu, wasiojua kiu wala njaa. Sista akamchukua mmoja. Kila adui alipokuja, alijizika topeni akangoja aondoke. Jioni alisukuma dadu kando.

"Mwanangu, huyu hafi. Sasa mimi nina kazi gani?"

Alikuwa amesema kweli. Nilijifunza siku ile kwamba kiumbe asiye na udhaifu hachezeki.

Kwa hiyo wa pili niliwatafutia udhaifu kwanza. Niliwapa manyoya na pembe fupi, na kila mmoja niliunganisha uhai wake na kundi la wanyama. Kundi likiwa kubwa, huona kwa macho ya wanyama wake na kusikia kutoka mbali. Mnyama akifa, mwenyewe hupoteza alama moja ya nguvu. Mwalimu wa hesabu alilisoma daftari langu polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hawa ni sisi?"

Uso uliniwaka. "Si ninyi. Wana pembe."

"Pembe nimeziona." Akaomba kalamu. "Basi kama unatutunga, tutunge sawasawa. Ng'ombe akifa hupungukiwi nguvu, mwalimu. Unatembea, unakula. Unapungukiwa maneno. Baba alifiwa na fahali mmoja mwekundu, siku nne hakusema na mtu."

Akafuta kanuni yangu, akaandika yake kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: kundi lote likiisha, mwenyewe haongei tena. Mhusika aliyejitungia alikuwa mropokaji, mwenye majibu kwa kila mtu, na kwa majuma kadhaa tulicheka hadi sista akashika mbavu.

Kisha mvua zikaja. Zilikuwa zile za mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mtu wa Tana anazikumbuka. Mto ulivunja kingo, mahindi na migomba ya kwetu ikafunikwa, na barabara ikakatika pande zote. Shule ilifungwa, madarasa yakajaa familia zilizokimbia maji. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majina ya waliofika. Mwalimu mwenzangu alikuwa akija kila asubuhi, anasimama nyuma yangu, anayasoma yote, halafu anaondoka. Watu wake hawakuwamo.

Zahanati iliishiwa na kila kitu, hata karatasi. Sista alikuja kwangu, nguo zimelowa hadi magotini.

"Mwanangu, una daftari lolote lenye kurasa tupu?"

Nililokuwa nalo ni lile la viumbe. Nikachana kurasa zilizobaki nikampa, azikate ziwe kadi za wagonjwa. Homa ilikuwa imeingia kwa wanyama kwanza, kisha kwa watu. Sista alizunguka akiwasihi watu wasile nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, na watu waliokuwa na njaa walimtazama tu. Nami nilimtazama.

Adhuhuri moja mtumbwi ulikuja karibu na uwanja wa shule. Aliyeshuka alikuwa kaka yake mwalimu wa hesabu, mkubwa wake, amekonda, shuka limetiwa fundo begani. Walisalimiana kwa Kiorma kwa muda mrefu, kama desturi ilivyo, wakiulizana habari za kila mtu, na kaka akijibu njema, njema, hadi walipofika kwenye ng'ombe. Hapo kaka alitikisa kichwa.

Mwalimu alinijia mlangoni mwa darasa.

"Wameisha," alisema. "Ambao hawakuzama, homa imewamaliza. Mzee yuko juu ya kilima cha mchanga. Kaka anasema ameketi tu. Ukimuuliza anataka maji, hajibu."

Nilishika daftari kifuani. Nilijua maradhi na mafuriko hayasomi maandishi ya mtu, lakini niliona aibu kama niliyekamatwa na kitu cha wizi. Nikamwambia, "Nitaifuta ile kanuni. Sasa hivi."

"Ya nini kufuta? Ni kweli." Alifikicha macho. "Niandikie inayofuata. Baada ya hapo anaishije? Wewe ndiye mtunzi."

Sikudhani alitaka jibu, ila alisimama pale akingoja, na kaka yake naye akingoja kando ya mtumbwi. Nilifungua ukurasa wa ile kanuni, chini yake palikuwa bado na nafasi. Nikashika kalamu. Kila nililolifikiria, apewe kundi jingine, ajifunze kulima, asahau, lilikuwa upuuzi kabla sijaliandika.

"Sijui," nilisema.

"Haya, mwalimu," akasema, bila hasira. Akapanda mtumbwini.

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Tulisikia ameomba uhamisho Bangale, ambako mjomba wake alimpokea mzee na kumpa mbuzi wachache. Mimi na sista tulijaribu kucheza wawili Jumamosi moja, tukaacha kabla chai haijapoa.

Mwalimu mwenzangu nilimwona mara moja tu baadaye, Hola, kwenye foleni ya ofisi ya elimu. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniuliza habari za wanafunzi wake wa darasa la saba, mmoja mmoja, nami nikamweleza nani yuko wapi. Nikamuuliza hali ya mzee.

"Yupo. Anaamka, anaswali, anakaa na mbuzi."

Nilitaka kumwomba radhi, nikawa natafuta ni ya kosa gani hasa, na kabla sijalipata karani aliita jina lake dirishani. Aliniachia faili zake nimshikie, akarudi kuzichukua, akasema, "Msalimie sista." Nilipomaliza shughuli zangu nikatoka nje kumtafuta. Mwenye kibanda cha chai aliniambia gari la Bangale lilikuwa limeshaondoka.