Kigoda cha Jirani wa Germantown

Jirani yetu hapa ughaibuni, Germantown, muuguzi, aliona kwenye simu picha za nyumba za Waskandinavia, na tangu hapo hatujapumzika. Makochi yake ya ngozi aliyagawa, kuta akazipaka nyeupe, na kila siku ya mapumziko yuko gereji anapiga vigoda msasa, vumbi la mbao limemfika viwikoni. Ukimtembelea unavua viatu, unakaa wima, unasikiliza hotuba: “Simpo tu, jamani. Mwanga!” Mwanga upo kweli, pa kuegemea ndipo hapana.

Mwezi uliopita mama yake alifika kutoka Moshi. Alisimama katikati ya sebule, akageuka taratibu, kisha akamshika binti yake mkono.

“Pole, mwanangu. Wameiba hadi mapazia?”

Bingwa wetu wa hotuba akamsogezea kigoda. Mama akaketi, akakipapasa kigoda miguu, akajitikisa juu yake kwa nguvu. Hakikulia.

“Nani kakutengenezea?”

“Mimi, mama.”

“Wewe? Kwa mikono yako? Basi hiki naondoka nacho.”

Jirani akaanza kutafuta boksi palepale, mama akiwa bado amekikalia.