Msimu wa Punda na Tembo

Asubuhi ile Coventry Road ilinuka vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa na moshi wa mabasi. Baba alibeba mabegi, mimi nikabeba mto wangu, tukaondoka bila kujua tunakokwenda. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipomwuliza tunapanda basi gani, alisema, "Litakalokuja." Tulikuwa tumefukuzwa, kwa upole, kwa sababu ya uchaguzi wa Marekani.

Nyumba ile ya Small Heath ilikuwa ya Ami Nassor, Mzanzibari mwenye kicheko kikubwa, aliyetupa chumba cha juu wakati Mama yuko Tanga akisubiri viza. Msimu ule vyama viwili vikubwa vya Marekani vilikuwa vikigombea urais, na runinga ya sebuleni haikuzimwa. Kimoja alama yake ni punda, kingine tembo. Ami, aliyekuwa na dada yake kule, alichukua punda. Baba akachukua tembo kwa sababu ndiye aliyebaki, na ubishi haunogi watu wakiwa upande mmoja. Hakuna kati yao aliyekuwa na kura. Walibishana wakila, wakiosha vyombo, wakisubiriana mlangoni mwa choo. "Punda, leo mzigo umekulemea!" Baba alimwambia. "Wewe Tembo, masikio yote hayo na bado husikii," Ami alijibu, akicheka mpaka akakohoa. Niliposikia kuna majimbo yanayobembea, huku leo na kule kesho, niliyaona kichwani kama watoto waliokaa kwenye bembea za bustani, wakingoja kusukumwa. Niliuliza kila kitu, kwa Kiingereza, nao wakanijibu kwa Kiswahili, wote wawili kwa wakati mmoja. Shule nilikuja kuiacha mapema, lakini ile sebule nisingeiacha kwa hiari yangu.

Kisha wakaja wageni kumposa Rukia, binti wa Ami. Walifika mapema, Baba akiwa bado kazini ghalani. Aliporudi alikuwa amesoma habari za kura za maoni njiani, akausukuma mlango wa sebule kabla hata ya kuvua viatu. "Punda! Jifiche leo, umechapwa majimbo yote!"

Mjomba wa kijana anayeposa aliweka gilasi yake chini. "Mwenye nyumba ndiye anayeitwa hivyo?"

"Siasa tu, mzee wangu," Baba alisema. "Siasa za Marekani."

"Kwani hapa Marekani?"

Walimaliza juisi yao kwa adabu, wakaaga, na mahari hayakutajwa. Hawakurudi tena. Mtu anayeitwa punda nyumbani mwake, naye akanyamaza, nani atataka kuwa mkwewe? Baba aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. "Umenivua nguo, Juma," Ami alisema, "mbele ya watu waliokuja kwa mwanangu." Hakupiga kelele. Aliongeza tu kwamba nyumba imekuwa ndogo, nasi tukaelewa.

Basi lilitushusha mjini. Mvua ilipoanza tukaingia kwenye treni, tukateremka Selly Oak. Pale stesheni Baba alimsikia mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi akiongea Kiswahili kwenye simu, akamngoja amalize, akamweleza shida yetu.

"Iko room moja huko nyuma," alisema yule Mkenya, akinitazama mimi na mto wangu uliolowa. "Ni ndogo, lakini iko na heater. Kujeni."

Kwake runinga ilikuwa ikionyesha mkutano wa kampeni, bendera tele. "Na nyinyi," aliuliza akimimina chai, "mnasapoti nani huko Amerika?"

Nilimtazama Baba, nikangoja.

"Sisi tunatafuta pa kulala tu, dada," alisema.

Sasa mimi ni mtu mzima, na Marekani inaelekea tena kwenye uchaguzi. Nimeshapanga Great Barr, nimepanga miji ambayo mitaa yake nimeisahau, na kokote niliko simu yangu inajua zaidi ya Baba na Ami wakiwekwa pamoja. Nabishana na watu nisiowaona. Wananitukana matusi mazito, nami nawarudishia, na hakuna anayecheka.

Usiku ule chumba cha Selly Oak kilikuwa na joto na shuka safi. Baba alijilaza akiutazama ukuta. Kutoka sebuleni mtangazaji alitaja neno la uchaguzi nisilolijua, nikamwuliza maana yake.

"Lala," akasema.