Nilijificha Nyuma ya Ukwe Nikaiba Magneto

Mimi niliiba. Nasema hivyo mwanzo kabisa asije mtu akadhani nazungukazunguka. Niliiba kitu cha marehemu, katika boma la watu walionichinjia kuku, nikakitoa nje ndani ya kikapu cha zawadi ya mama yangu mzazi. Kama unataka kunirukia, nirukie sasa hivi. Ukimaliza kaa chini unisikilize, maana hilo silo kosa langu kubwa!

Watu wa kwetu wakisimulia habari hii wanailaumu pikipiki. Eti ilinitia wazimu. Eti chuma cha Mzungu kina mkosi. Padri alinishauri niiuze, shangazi yangu akasema niitumbukize mtoni Gucha. Siuzi na sitaitumbukiza! Pikipiki haikuniambia niseme uongo.

Ni pikipiki ya Kiingereza ya tangu wakati wa vita, yenye pistoni moja tu, kubwa kama kikombe cha uji. Bwana shamba mmoja wa Kizungu aliiacha alipofungasha virago vyake mwaka wa uhuru. Miaka mitano baadaye niliikuta nyuma ya stoo moja huko Nyamira, kuku wamelala juu ya tangi. Nilikuwa karani wa duka la vyuma mjini Kisii, kijana wa suruali pana miguuni, sina mke, sina hata baiskeli. Nikaipenda papo hapo. Wenzangu wakaanza kuniita Karani wa Mkweche.

Basi nikaingia kwenye vipuri. Ee, vipuri! Hujui kutafuta wewe, kama hujawahi kutafuta kipuri cha kitu ambacho kiwanda chenyewe kimeshakisahau. Taa ya mbele niliipata Keroka kwenye basi bovu lililoachwa kando ya barabara. Kiti nilishonewa na mshona viatu. Mfuniko wa tangi nilichongewa Tabaka kwa jiwe lile lile wanalochongea vinyago vya viboko na twiga vya kuuzia watalii, nikauzungushia mpira ukakaa sawasawa. Watu walicheka wakashika mbavu. Na wacheke! Mfuniko ule haujavuja tone hata moja.

Kilichonishinda ni magneto. Ni kidude cha ukubwa wa ngumi mbili, kina sumaku ndani, na ndicho kinachotoa cheche ya kuwasha injini. Bila magneto una kiti cha kukalia tu. Niliandika barua Nairobi, wakanijibu kwamba hazitengenezwi tena. Nilikwenda Kisumu mara tatu, nikachakura vyuma chakavu mpaka kucha zikavunjika. Mwaka ukapita, wa pili nao ukapita. Mzee mmoja wa Kihindi, fundi aliyekuwa na gereji karibu na duka letu, akanionea huruma.

"Karani, achana na barua," akaniambia. "Tafuta ndugu ya hii pikipiki. Iko mahali, imekufa, na magneto yake iko ndani."

Alisema kweli. Niliuliza kila mteja aliyeingia dukani, na mmoja akaniambia ndugu ya pikipiki yangu iko Sironga.

Mwenyewe alikuwa Mzee Ombati, Msabato, mkulima wa chai, mtu wa maneno machache. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa chini ya ghala la wimbi, imefunikwa kwa gunia safi. Ilikuwa ya kifungua mimba wake, Makori, aliyekuwa tarishi wa chifu. Makori alikufa kwa homa, na ilikuwa ni miaka saba sasa. Nilimsalimu mzee kwa adabu zote, nikamweleza shida yangu, nikamwambia ataje bei yoyote.

"Vitu vya mwanangu siuzi," akasema.

"Hata kipande kimoja tu, mzee?"

"Siuzi." Akarudi zake kwenye chai.

Wakati huo binti yake alikuwa ametoka jikoni kuniletea uji. Aliitwa Moraa, mwalimu wa shule ya msingi. Akaniuliza kama ni mimi yule karani mwenye pikipiki ya mfuniko wa jiwe. Nikasema ndimi. Akacheka sana. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtazama usoni! Nilitazama ghala nyuma ya bega lake, nikawaza kwamba mkwe huingia boma kama hili mchana kweupe, na hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Nilianza kumtembelea Moraa kwa sababu ya magneto. Sipaki rangi. Lakini kufikia mwezi wa nne nilikuwa nasahau hata kuliangalia ghala. Nikijigamba alinicheka, nikikosea Kiswahili alinisahihisha kama mtoto wa darasa la pili, na nikichelewa kufika nilimkuta amekasirika, nami nikafurahi kwamba amekasirika. Nilimpenda. Ningeachia hapo, kila kitu kingekuwa safi! Lakini wizi nilikuwa nimeshaupanga, na nilijiona mjanja mno kuuacha.

Siku ya wazee wetu kwenda kuzungumza mahari ikafika, Jumapili moja. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Sisi Wakisii tuna kitu tunachokiita ensoni, yaani heshima iliyochanganyika na aibu, na kati ya wakwe ndiyo kali kabisa. Posa ikishaanza, baba wa msichana na kijana hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Baba hawezi kumhoji mkwewe jambo la aibu ana kwa ana. Hata akimkuta na kosa atageuza uso, na neno lake litapitia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo wazee walikaa nyumba kubwa, wanawake walikuwa jikoni, na mimi na binamu yangu tukawekwa katika esaiga, nyumba ya vijana, hatua chache tu kutoka ghalani. Mzee Ombati asingepita upande ule maadamu mkwe yuko. Nilijua! Heshima waliyonipa nisiaibike ugenini niliifanya pazia la kuibia.

Binamu alishiba akalala. Saa tisa mchana, jua likiwaka, nikatoa spana kwenye koti nikainua gunia. Bolti zilikuwa nne. Mbili zilitoka vizuri nikazitia mfukoni. Mbili za chini zikaniponyoka, zikadondoka kwenye vumbi na makapi ya wimbi, na hapo hapo nikasikia sauti za wanawake wakitoka jikoni. Sikungoja kuzitafuta. Nikarudisha gunia, nikakimbilia esaiga na magneto kwapani.

Mama yake Moraa alikuwa amemfungashia mama yangu kikapu cha ndizi mbivu na unga wa wimbi. Kikaletwa pale tulipo, nami nikaizika magneto chini ya ndizi. Tulipoaga, Moraa mwenyewe akatusindikiza hadi barabarani, kikapu kichwani. Alikuwa kimya njia nzima. Nikadhani ni haya ya mchumba.

Ikawaka! Bolti za Kiingereza zina nyuzi zake za kukazia, na mji mzima wa Kisii haukuwa nazo, kwa hiyo upande wa chini nilifunga kwa waya. Nikakanyaga mara tatu bila kitu, ya nne ikanguruma. Nililia! Mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya watu wa sokoni, nililia na sikujifuta. Hata leo, pamoja na yote yaliyofuata, siionei aibu furaha ile.

Kisha nikafanya upumbavu. Nikaipanda mpaka Sironga kumwonyesha Moraa. Injini ile ina mlio wake, mzito, wa polepole, huwezi kuufananisha na mwingine. Mzee Ombati aliusikia kutoka bondeni. Akatoka mbio shambani, kapu la chai bado liko mgongoni, mzee wa umri ule akipanda kilima kama mtoto. Alipofika barabarani alikuwa anatabasamu. Nasema alikuwa anatabasamu! Halafu akaona ni mimi. Tabasamu likamtoka, akageuza uso kama ensoni inavyotaka, akasimama vile vile amenipa mgongo mpaka nikaondoka.

Hakuniuliza kitu. Na mimi nikajipongeza. Nikasema desturi imenifunika.

Siku nne baadaye Moraa alikuja dukani kwetu Kisii. Alikuwa na kile kikapu. Mama yangu alikuwa ameshawarudishia, na sukari ndani yake, maana kwetu ni aibu kukirudisha kitupu.

"Tata hawezi kukuuliza," akasema. Tata ni baba kwa lugha yetu. "Unajua kabisa hawezi. Lakini mimi naweza. Hiyo magneto ulitoa wapi?"

Sasa nisikilize vizuri, kosa lenyewe ni hili hapa. Nilifunguliwa mlango! Ningesema niliichukua kwenu, basi. Angenitukana, pengine angelia, na pengine yangeisha. Nilimtazama machoni msichana niliyempenda.

"Kisumu," nikasema. "Kwa watu wa vyuma chakavu. Nimeitafuta kweli kweli."

"Kisumu?"

"Haki ya Mungu tena."

Aliweka kikapu juu ya kaunta, akaingiza mkono, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua polepole. Ndani kulikuwa na bolti mbili, zimesuguliwa zikang'aa, zimepakwa mafuta.

"Tata alichekecha makapi ya wimbi siku mbili kuzipata," akasema. "Alikuwa anamsaidia Makori kufunga hiyo kitu, anaijua. Ameniambia, mpelekee mkwe wangu haraka, ikilegea kwenye mteremko itamuua."

Nilitamani sakafu ile ya saruji inimeze.

"Na kikapu nilibeba mimi," Moraa akaendelea. "Unafikiri kichwa changu hakijui uzito wa ndizi? Nilijua tangu tunatoka nyumbani. Nikasema wacha nimngoje, ataniambia mwenyewe. Nimekungoja mpaka leo."

"Moraa, baba yako alikataa kuniuzia! Ningefanya nini?"

"Alikataa kuuza. Nani anauza vitu vya mtoto wake aliyekufa? Wewe uliwahi kuomba?"

Akachukua kikapu chake kitupu akaondoka, na bolti akaniachia pale pale juu ya kaunta.

Posa ikafa. Wazee walipomuuliza alisema hanitaki tu, hakutaja sababu, na nilivyosikia baba yake naye hakutaja. Walinifichia aibu yangu mpaka mwisho, watu wale! Ninayeianika leo ni mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na asinionee mtu huruma.

Jumatatu iliyofuata niliifungua magneto. Nilishuka Nyamira nikaibeba mkononi, wazi, bila gunia wala kikapu, nikapita katikati ya soko watu wakinitazama, nikatembea kwa miguu hadi Sironga. Niliifunga mahali pake kwenye pikipiki ya Makori kwa bolti zote nne. Mzee Ombati alikuwa akichuma chai hapo karibu. Sikuwa mkwe wake tena, kwa hiyo hakuna kilichomzuia kunitukana.

"Umekaza?" akauliza, mikono ikiendelea na chai.

"Nimekaza, mzee."

"Haya."

Neno la kuomba lilikuwa mdomoni mwangu. Nadhani angenipa. Naamini hivyo mpaka leo, na ndiyo sababu nililimeza.

Moraa aliolewa Keroka, na mwanawe mkubwa anaingia shule mwaka huu. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri tu, "Karani, hujambo," kama mtu anavyomsalimu mwenye duka. Afadhali angenitemea mate!

Pikipiki yangu iko nyuma ya duka, kimya, mwaka wa nane huu. Kila Jumapili nikitoka kanisani naipangusa na kuitia mafuta. Wanaosema nina wazimu waendelee kusema, midomo ni yao. Sitaitupa. Natafuta magneto nyingine, na safari hii nikiipata itafungwa bila kificho. Kama iko kwenu, inaoza chini ya ghala, niambie unauza. Na kama huiuzi, nitavua kofia niombe, na ukininyima nitakushukuru kwa uji nirudi Kisii.

Na wewe kijana unayeuzunguka ua wa watu ukipima pa kuingilia, nakuonya. Ukiambiwa kitu hakiuzwi, omba. Ukinyimwa, nenda nyumbani na jina lako. Lakini kama umeshachukua, na mtu anayekupenda amesafiri njia yote hiyo kuja kukuuliza ulikitoa wapi, tafadhali, nakuomba kwa kila kilicho kitakatifu, usimwambie Kisumu!