Lenzi ya Rumaisa Haivuti

Rumaisa wa Wiyoni ana kamera moja na lenzi moja, na lenzi yenyewe haivuti cha mbali kikaja karibu. Ukitaka uso wa mtu, ufuate kwa miguu. Vijana wanaowapiga picha watalii kule Manda humcheka: mwenzetu bado uko huko? Yeye huwajibu kwamba miguu yake haijachoka, kisha anaendelea na shughuli zake.

Shughuli zake ni harusi za wanawake. Mlangoni simu huachwa kikapuni, mabuibui huvuliwa, na ndani watu hucheza nywele wazi, mabega wazi. Rumaisa akiwa mbali, cheza upendavyo. Akisogea na kuinua kamera, asiyetaka hujitupia leso kichwani, naye hupita bila kinyongo. Hakuna aliyewahi kulitangaza jambo hilo, ila wote wanalijua. Ndiyo maana anaaminiwa, na kuaminiwa huko ndiko kunakomlisha.

Juzi, kwenye harusi ya Ridhwani, mama wa bwana harusi, Bi Mwanamkisi, alimvuta pembeni. Alikuwa na lenzi mpya mkononi, ndefu na nzito, aliyoinunua mwanawe Nairobi.

"Yeo hutuzibii bibi harusi kwa mgongo wako," alisema. "Kaa kwenye kona ile, uvute na hii."

"Sitaki, Bi. Hawa wote wanajua nikiwa mbali siwapigi."

"Basi ndia hiyo, ondoka. Wapiga picha ni wengi."

Bi Mwanamkisi akamsukumizia lenzi mkononi, akarudi kwenye duara la wachezaji kuuchezea ushindi wake. Kufukuzwa pale, mbele ya nusu ya mji, kungemmaliza Rumaisa. Kuwapiga wanawake hawa kwa siri kungemmaliza vibaya zaidi. Hasira zikampanda. Aliifunga ile lenzi kwenye kamera, akaenda konani kama alivyoamriwa, kisha akapaza sauti hadi akaishinda ngoma.

"Jamani! Yeo nimepawa lenzi ya kuvuta! Niko huku, na mato ya kila mmoja, hata kope zake, nayaona kana kwamba kanikalia mapajani!"

Ngoma ilikatika. Leso zikaruka kila upande, na waliokosa leso wakajificha nyuma ya wenzao. Aliyewahi kuliko wote alikuwa Bi Mwanamkisi, katikati ya duara, kajifunika hadi puani.

"Iondoe hiyo!" alifoka ndani ya leso.

Rumaisa aliiondoa taratibu, kila mtu akiona, akaenda kumkabidhi mwenyewe. Akafunga yake ya siku zote. Hakurudi nyuma. Alisimama hapo hapo mbele ya Bi Mwanamkisi, mgongo wake umemziba bibi harusi barabara, akainua kamera.

"Nikupige, Bi, au nikuwate nipite?"

Wanawake wote walikuwa wakimtazama yule mama. Alinung'unika kidogo, akaishusha leso mabegani, akaweka nywele sawa.

"Piga," alisema.