Siku Landrova Ilipopita Birikani Bila Kuchemka

Sikupanda Mwese kutembea. Nilipanda kumleta mdogo wangu Yustina, aliyekuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Mganga wa zahanati ya kule alimpima tumbo, akakuta mtoto amelala mkingamo. Akatuma maneno kwa mtu aliyekuwa anateremka mjini na gunia la maharage: "Mwambie kaka yake, huyu asizalie huku milimani. Apelekwe hospitali Mpanda, huenda akapasuliwa." Mimba ya kwanza ya Yustina ilishapotea hukohuko. Niliposikia hivyo nilisimama palepale kibandani kwangu nikasema hii ya pili haipotei, labda nife mimi.

Kikwazo kilikuwa gari. Miaka ile ya mwisho ya sabini, mtu pekee niliyemjua mwenye gari la kuthubutu njia ya Mwese alikuwa Mzee Kasiani, na Landrova yake kuukuu yenye rangi ya majani makavu. Nilimkuta sokoni Kashaulili, hapa Mpanda mjini, kaegemea boneti.

"Fundi, wewe ni mtu wangu, lakini siendi," akanijibu. "Injini hii imeshapikwa mara moja. Gasketi niliyoiweka ni ya mwisho, nyingine haipatikani. Na geji ya joto imekufa, mshale umelala chini. Nitajuaje kama inachemka? Mpaka nione moshi? Ukiuona moshi umeshachelewa."

"Nikikutengenezea geji?"

"Mshale utautoa wapi?"

"Nani kataja mshale? Namba, mzee! Namba zinazowaka!"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini akasema nikiweza, Jumamosi tunakwenda. Basi nikatuma neno Mwese siku ileile, kwa mama mmoja aliyekuwa anarudi kwao: Jumamosi tunakuja, Yustina ajiandae.

Kibandani kwangu, Kashaulili, kazi ilianza. Mimi ni fundi redio, na nikisema najua kazi yangu sioni haya. Mwenye duka jirani alikuwa na kalkuleta iliyoingia maji, zile za kwanza zenye tarakimu nyekundu, nikaiomba nikaifungua. Tarakimu zilizokuwa bado hai zilikuwa mbili tu. Mbili zinatosha! Zitahesabu mpaka 99. Vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, vya kuhesabu umeme, nilikuwa navyo kwenye kopo. Rafiki yangu wa Tabora alishaniletea kwa treni, kavifunga ndani ya gazeti, nikawa navitunza bila kujua ninavitunzia nini. Sasa nikajua.

Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa. Kipande cha kuhisi joto nilikitia ndani ya kijibomba cha shaba, nikakiziba, kiingie kwenye mpira wa maji ya rejeta. Kikipata joto, vile vidude vinahesabu haraka zaidi, na namba inapanda. Hayo ndiyo maajabu yenyewe, wala hakuna uchawi.

Kupima usahihi nilitumia jiko la mke wangu. Upande wa chini niliazima kipimajoto cha homa, nikapasha maji hadi arobaini, nikarekebisha mpaka namba ikasoma 40. Upande wa juu nikatumbukiza kijibomba kwenye sufuria aliyoitenga kwa ajili ya ugali. Maji yakatokota, nikaendelea kurekebisha mpaka ikasoma 99.

"Baba Deo, watoto wana njaa," mke wangu akasema.

"Tazama! Tisini na tisa!"

"Kwani mimi sijui kama maji yanachemka? Si nayaona?"

Nilikuwa na furaha ya kuweza kumkumbatia hata punda. Nikakitia chombo chote ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikakitengenezea paji la kadibodi ili jua lisifiche namba, na Ijumaa jioni nikakifunga mbele ya usukani wa Mzee Kasiani, waya moja kwa moja kwenye betri. Alizizungukia zile namba nyekundu akizitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

Jumamosi alfajiri tuliondoka Mpanda. Mjini bado kulikuwa na ukungu na watu wachache wenye baiskeli. Namba ilianza 41, ikapanda 60, ikapanda 75, ikatulia hapo. Mzee Kasiani aliitazama geji kuliko alivyoitazama barabara, mpaka nikamwomba nimsomee mimi.

"Ngapi?"

"Sabini na sita."

"Sasa?"

"Sabini na sita, mzee. Umeniuliza sasa hivi."

Saa tatu hivi tulianza milima. Njia ya Mwese haikuwa njia, ilikuwa korongo lililokubali magari. Hapo ndipo geji ilipoonyesha kazi yake. Ikifika 88, namwambia, anashusha gia na kupunguza moto. Ikifika 92 tunasimama kivulini, injini ikiunguruma polepole, mpaka ishuke. Zamani alikuwa anakanyaga tu kwa kubahatisha mpaka mvuke utoke. Sasa tulikuwa tunaiona homa ya injini kabla haijawa ugonjwa. Nilijipiga mapaja kwa furaha, nikapiga paa la gari, nikaimba.

Njiani kulikuwa na kijito watu walichokiita Birikani. Waliita hivyo kwa sababu ya Landrova hiyohiyo: kila safari, ikifika pale, ilikuwa inachemka kama birika. Mzee Kasiani alikuwa na jiwe lake pale la kukalia, akisubiri ipoe. Kila niliposafiri naye tulikaa pale mpaka tukachoka kukaa.

"Birikani hii hapa," akasema, na sauti yake ikapungua. "Ngapi?"

"Themanini na nne."

"Usinitanie."

"Themanini na nne, naapa!"

Akakanyaga mafuta. Tukavuka kijito maji yakiruka pande zote mbili. Kando, kwenye kivuli mbali kidogo na barabara, kulikuwa na kundi la watu wamekaa na mizigo yao. Walipotuona tunapita waliruka wakainua mikono, wakapiga kelele, mmoja akakimbia nyuma yetu akipunga shuka. Jamani, moyo ulinijaa! Nikadhani habari za geji zimeshafika milimani, na watu wanatushangilia. Nikatoa kiwiliwili chote dirishani, nikavua kofia, nikawapungia mpaka kona ikatuficha. Mzee Kasiani akapiga honi ndefu.

"Leo wameona!" akasema.

"Wameona, mzee!"

Kabla ya saa sita tuliingia Mwese. Sijawahi kufika kule mapema hivyo. Mashamba ya maharage yalikuwa yanang'aa, hewa ni ya baridi tamu, na mimi nilishuka garini kifua mbele. Mama mkwe wa Yustina, mwenyeji wetu, alitoka jikoni na unga mikononi. Alinitazama, akatazama gari, akachungulia ndani ya gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mke wa mwanangu! Nyie mmepita wapi? Si anawasubiri Birikani tangu asubuhi? Anatoli na wenzake wamembeba kwa machela, wamekata njia ya mkato. Uchungu umeanza tangu jana usiku."

"Mama, kwa nini hamkumwacha hapa? Tulisema tunakuja!"

"Birikani si ndiko gari linakochemkia?" Alinijibu kwa upole, jinsi unavyomweleza mgeni. "Wagonjwa wote tunawapeleka pale. Mizigo tunapeleka pale. Barabara ya kufika huku inatupatupa mtu, na mjamzito haiwezi. Gari likifika Birikani linakaa. Kila mtu anajua. Leo halikukaa?"

Wale hawakuwa wanashangilia. Walikaa mbali na barabara, bila haraka, kwa sababu miaka yote haikuwahi kuwapasa kukimbilia gari lile. Nasi safari zote tulidhani abiria wanaotukuta pale wamebahatika tu. Na mimi nimewavulia kofia.

Hatukukaa hata kuonja maji. Mama yule alitutupia ndizi za kuchemsha kwenye jani, tukageuza. Kuteremka, namba ilikuwa 70, 68, injini imetulia, na mimi kwa mara ya kwanza niliichukia.

Birikani tulimkuta Yustina kwenye machela, kashika shina la mti mdogo kwa mikono miwili. Anatoli, mumewe, alikuja juu moja kwa moja.

"Shemeji, umenipungia mkono! Nimekimbia mpaka nimeanguka, na wewe unanipungia mkono!"

"Nisamehe, shemeji. Mpakie kwanza, halafu unipige."

"Nitakupiga kweli!"

"Acheni kelele," Yustina akasema huku kafumba macho. "Nipakieni."

Tulimlaza nyuma juu ya magodoro mawili tuliyotoka nayo mjini, Anatoli kampakata kichwa. Mchana ulikuwa umekolea. Kati ya pale na mjini kulikuwa bado na kilima kimoja kikali cha kupanda, nacho kilikuwa kinatazama jua. Na safari hii kusimama kivulini kulikuwa ni kula muda wa mtoto.

Tulianza kukipanda na 82. Nikawa nasoma kwa sauti. 88. 91. Yustina alipiga ukelele. 94. Mzee Kasiani akainua mguu.

"Nasimama, fundi. Gasketi ikienda, tunalala hapa wote."

"Ukisimama naye anaisha! Twende polepole."

"Ngapi?"

"Tisini na sita."

Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye ndevu. Ghafla akaniuliza, "Hita je?"

"Hita ipi?"

"Ya kupashia ndani! Sijawahi kuifungua tangu ninunue gari. Nani apashe ndani Mpanda?"

Jamani! Maji ya hita ni yaleyale ya injini. Ukiifungua, moto wa injini unatoka na kuingia humu ndani kwetu. Nikaivuta ile nobu iliyoshika kutu, ikagoma, nikakaza miguu nikaivuta tena. Upepo wa jehanamu ukatupiga usoni na vumbi la miaka yote.

"Mnanichoma!" Yustina akalia.

"Vumilia, mdogo wangu! Tisini na saba! Tisini na saba bado! Tisini na sita!" Nilikuwa napiga kelele kuliko yeye. "Tisini na tano, mzee! Kanyaga!"

Tulipindukia kilele na 95, madirisha yote wazi, wote tumelowa. Anatoli alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Kuanzia hapo ilikuwa mteremko, na Mzee Kasiani aliiendesha Landrova ile jinsi hajawahi kuiendesha.

Alasiri tulifika hospitali. Walimpokea, wakamwingiza moja kwa moja. Tulikaa nje kwenye ukuta, watu watatu tunaonuka moshi. Jua lilikuwa bado halijazama muuguzi alipotoka akauliza baba wa mtoto wa kike ni nani. Anatoli alisimama, akakaa tena, akasimama. Kisha akanipiga kofi moja la mgongo, zito, ambalo bado nalisikia.

"Hilo la kunipungia," akasema, akanikumbatia.

Wiki kadhaa baadaye tuliwarudisha Mwese, Yustina mbele pamoja nami, mtoto kifuani. Jambo nililojifunza nilikuwa nimeshalitafuna: niliipima injini vizuri kabisa, lakini sikuwahi kuuliza nani mwingine alikuwa anaishi kwa machemko yake. Nilitaka kumwambia hivyo Mzee Kasiani, nikaona tumekaribia kijito.

Kivulini walikuwepo, mbali na barabara, wamekaa. Mzee mmoja kafunikwa blanketi, akina mama na vikapu, mtu na mbuzi wake. Hakuna aliyeinuka. Nilichungulia geji: 78.

Mzee Kasiani alivuta gari kando akazima injini. Alishuka, akafungua boneti, akakunja uso mbele ya rejeta iliyopoa, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe lake.

"Limechemka," akawaambia watu. "Tutakaa kidogo."

Yustina alinitazama. Mimi nikavua kofia, safari hii nikaifunika geji.