Dirisha la Nawoi

Mjomba wangu Lomorukai anaishi ghorofa ya tatu ya Moru Heights, hapa Lodwar mjini, katika nyumba yenye vigae vinavyong'aa, kiyoyozi, na lifti inayokusalimia kwa Kiingereza. Na bado, kabla ya kuingia kwake, hubisha mlango. Mara mbili, taratibu, kisha husubiri kidogo. Siku moja nilimuuliza anamsubiri nani, akaniambia, "Mazoea tu, Akoru." Miaka ishirini na sita alipanda ngazi za jengo hilohilo akiwa tarishi, faili kwapani, na tarishi haingii mahali bila kubisha.

Zamani lilikuwa jengo la ofisi. Ghorofa nne tu, lakini kwa Lodwar ya siku zile ulikuwa mnara, na jamaa zetu wa Namoruputh wakija mjini walisimama chini wakahesabu madirisha. Ghorofa mbili za juu zilikuwa za shirika moja la misaada ambalo baadaye lilifungasha virago. Baada ya hapo jengo likabaki na popo, hadi tajiri mmoja akalinunua, akalibomoa ndani, akaligeuza makazi ya kifahari. Tangazo lake lilibandikwa mji mzima: nyumba kwa watu wachache.

Sasa niambie, mzee mjane mwenye kiwanja kizuri njia ya Lokichar ana shughuli gani na nyumba ya watu wachache? Alikiuza kiwanja. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Ndugu zake walipiga simu kutoka Namoruputh kuuliza kama ameugua, maana kwa mali ile angejaza boma ngamia. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nanunua chumba cha Nawoi." Hapo nikanyamaza, kwa sababu Nawoi nilimpenda mimi pia.

Nawoi, mke wake, alikuwa mpiga chapa wa shirika lile. Meza yake ilikuwa ghorofa ya tatu, chini ya dirisha la nne kutoka kushoto, lile linalotazama miti ya mikoma kando ya mto Turkwel. Shule zikifungwa mjomba alinipeleka huko, nami nilikaa chini ya meza nikichora kwenye karatasi za kaboni zilizochakaa, vidole vikiwa vyeusi hadi jioni. Naikumbuka harufu ya wino. Naikumbuka feni iliyolalamika juu yetu. Kila asubuhi mjomba aliingia na faili zake za kupeleka juu kwa bosi zitiwe sahihi, akakaa kwenye pembe ya meza ya Nawoi, wakaongea. Wakacheka! Nawoi alikuwa anafunika mdomo kwa mkono mmoja huku mwingine unaendelea kugonga mashine. Hapo ndipo mjomba alipomtongoza, hapo ndipo alipomwambia kwamba mifugo ya mahari imetimia, na hata baada ya dume la harusi kuchinjwa aliendelea kuja kukaa pale kana kwamba bado anabembeleza. Sijapata kuona watu wawili wakifurahiana hivyo, na nakiri kwamba ninawaonea wivu mpaka leo.

Nawoi alifariki miaka mitano iliyopita. Tangu hapo mjomba alikuwa mtu wa kukohoa na kutazama ukuta, ndiyo maana siku ya kuhamia hapa nilishangaa kumwona anapiga mluzi. Alikibeba kiti mwenyewe, akakiweka dirishani, akaketi, akatazama nje. Akaona tangi la maji na kituo cha mafuta. Alishuka, akasimama barabarani juani akihesabu kwa kidole, akarudi jasho likimtiririka.

"Wamesogeza kuta," akasema.

Nilishuka nikahesabu na mimi. Kweli. Fundi alikuwa ameigawa ghorofa upya, na dirisha la nne limeangukia nyumba ya jirani. Nilimkuta mjomba kwenye kochi jipya ambalo hata nailoni yake haijatolewa, analia. Nikamlaani fundi, nikamlaani tajiri, na lifti yake sikuiacha.

Jirani mwenyewe ni mama mmoja anayeitwa Yar, Msudani Kusini, mwenye maduka ya vitambaa na unga huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Alikuwa anakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Ni mrefu, amenyooka, na maneno yake ni ya kuhesabika. Mjomba akikutana naye kwenye lifti au koridoni alimsalimu Kiturkana, "Ejok," naye akajibu, "Ejok," kisha ufunguo ukasikika. Miezi minne ikapita hivyo. Kila Ijumaa mjomba alivaa shati safi, na kila Ijumaa alilivua bila kumwambia zaidi ya salamu. "Nitamwambia nini?" alinijibu nilipomhimiza. "Kwamba nataka kukaa chumbani mwake?"

Mimi subira sikujaliwa. Jumamosi moja asubuhi nilimshika mkono, nikambonyezea Yar kengele.

"Mama, ejok. Huyu ni mjomba yangu," nikasema mlango ulipofunguka. "Hapa kwako ndio marehemu bibi yake alikuwa anafanyia kazi. Anaomba tu akae kwa dirisha dakika tano."

Yar hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasogea kando tupite. Sebule ilikuwa karibu tupu: zulia, na kiti kimoja kimeelekea dirishani. Nje, mikoma ya Turkwel. Mjomba alifika katikati ya chumba akasimama.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Meza ilikuwa hapa."

"Najua," Yar akasema. "Na benchi ilikuwa pale." Akaonyesha ukuta wa nyuma yetu. "Mimi nilikaa kwa hiyo benchi siku sita."

Alitusimulia akiwa amesimama. Siku zile alikuwa na miaka kumi na saba, amefaulu mtihani kambini, amepata nafasi shule ya upili ya wasichana Kitale. Ili asafiri alihitaji barua ya shirika yenye sahihi ya bosi. Alikuja kwa lori kutoka Kakuma, akalala kanisani, na kila asubuhi akaja kuketi benchini na wenzake.

"Kila siku mwanaume alikuwa anaingia na faili zetu," akasema. "Anakaa kwa meza ya yule mama. Wanaongea, wanacheka. Sisi tunaangalia hiyo faili kwa kwapa yake. Akipanda juu, bosi ashaenda. Tunaambiwa mrudi kesho. Siku ya saba nikapata barua. Nikafika Kitale, nafasi yangu wamepea msichana mwingine. Nikarudi Kakuma nikauza mandazi." Akakigusa kile kiti. "Hii nyumba nilinunua ndio na mimi nikae hii upande ya meza."

Nilitaka sana kumtetea. Tarishi ni nani katika ofisi? Bosi si ndiye aliyekuwa anaondoka mapema? Nikaanza, "Lakini mama, tarishi naye..." Mjomba akaniinulia mkono.

"Ni mimi," akasema.

"Najua. Nilikujua siku ya kwanza kwa lifti."

Sauti ya Yar haikuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi, kwa sababu hasira ningeijibu.

"Kuna kitu nimetaka kuuliza hii miaka yote," akasema. "Mlikuwa mnacheka nini? Mimi nilikuwa nafikiri mnatucheka sisi."

"Hapana!" Mjomba alishtuka. "Hapana, mama. Haki ya Mungu, si nyinyi."

"Basi ilikuwa nini?"

Mjomba akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Alitazama dirisha, akaitazama mikoma, akatazama mahali meza ilipokuwa, kisha viganja vyake. Kwa kicheko kile alikuwa ameishi miaka mitano ya ujane, na kwa ajili yake aliuza kiwanja na kugombana na ukoo. Nikamsaidia kutafuta kimoyomoyo, maana mimi pia nilikuwepo, chini ya meza. Nilipata wino na feni. Nilipata mkono wa Nawoi mdomoni. Neno hata moja sikupata.

"Sikumbuki," akasema.

"Hata mara moja tu?"

"Hata mara moja, mama. Nilikuwa nataka tu acheke."

Hapo akalia, mbele yake, bila kujificha, akamwomba msamaha kwa sauti ya kukatika. Yar hakusema amesamehe, wala hakutufukuza. Alikaa kwenye kiti chake, akageuza uso dirishani, na mjomba akarudi nyuma polepole hadi ukutani, akachuchumaa palipokuwa na benchi. Nami nikaenda kuchuchumaa karibu naye.