Mkanda wa Kaburi la Mama

Daktari alipomwambia dada yangu wa Lituhi kwamba jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto linafuata, hakulia. Alinipigia kwa simu ya jirani akasema, "Nataka kuliona kaburi la mama kabla sijazimika." Akakata. Tangu hapo kiti kilinikataa. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kitu cha kushika, nikikishika nakisahau mkononi. Mchana mmoja nilizunguka nyumba nikitafuta mwiko, kumbe ninao.

Mama yetu alizaliwa ziwani, huko aliko dada, lakini alizeekea kwangu Litembo, nilikoolewa, na huku juu ndiko tulikomzika. Dada hapandi milima yetu. Magoti yake yanagoma hata kwenye ngazi za kanisa. Kiangazi hiki tulipojengea kaburi na kuweka msalaba, ukoo wote ulifika isipokuwa yeye, mkubwa wetu. Mimi ndiye niliyesimama kutaja watoto, wajukuu na vitukuu, na kila aliyetajwa alitakiwa apite mbele ashike msalaba. Majina ninayo yote kichwani, hata ya waliokufa wakiwa wachanga. Humu sitaandika hata moja, maana wengine wako hai na wana midomo.

Video ya siku ile ilikuwa kwenye simu yangu, mjukuu alinirushia. Watu wakaniambia, si umpelekee simu atazame. Hawamjui dada. Jicho lililobaki linaona kama la mtu anayechungulia kwenye tundu la mwanzi, na kioo cha simu kwake ni giza lenye vitu vinavyotembea. Alichonacho ni TV ya chogo, ile nene ya zamani, na deki ya kanda aliyoachiwa na marehemu shemeji. Deki ile anaijua kwa vidole. Anasukuma mkanda, anabonyeza, unacheza. Akichoka anazima, na kesho mkanda unaendelea pale pale alipouachia. Watoto wake walimletea deki ya kisasa yenye rimoti. Akaitandikia kitambaa, akapanga sahani za wageni juu yake.

Kwa hiyo nilitaka mkanda. Tena mkanda safi, si ule wa chenga na mistari, maana jicho lile halina nguvu ya kuhangaika na chenga.

Mbinga nilimpata fundi wa redio karibu na stendi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ambaye bado alikuwa na deki ya kurekodia na kanda mpya chache ambazo hazijafunguliwa nailoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaweza kutoa kitu kwenye simu ukakitia kwenye mkanda?"

Alicheka. "Bibi, wenzako wananiletea mikanda niwatilie kwenye simu. Wewe unarudi ulikotoka?"

"Ninarudi. Unaweza au huwezi?"

Alisema anaweza. Nikamwachia video, nikaambiwa nije baada ya soko. Sokoni sikununua kitu. Nilishika nyanya, nikaziacha, nikashika za mwingine, mpaka muuzaji akaniuliza kama ninazipima homa.

Niliporudi nikamwambia auweke kwenye TV niuone kwanza. Hakupenda, lakini aliweka. Jamani, ule mkanda. Watu wote walikuwa wembamba na warefu kama mabua. Mjomba wetu, mtu wa tumbo lake, alipita amebanwa kama panzi. Msalaba ulikuwa weupe unaotetemeka, jina la mama halisomeki. Tena nilipofungua mdomo kutaja majina, ikapanda kwaya, ngoma na kinanda, na mimi pale nafumbua mdomo na kufumba kama samaki.

"Na hii kwaya imetoka wapi? Siku ile haikuwapo."

"Nimekupa bure, bibi. Mikanda yote ya makaburi naweka kwaya. Bila kwaya watu wanasema haijaisha."

"Dada yangu anataka kusikia watoto wa mama wakiitwa. Kwaya ataikuta Jumapili."

Alijikuna kidevu. Hakuwa mtu wa kubisha sana, nami nikapunguza ukali. Akanieleza vizuri. Wembamba wa watu ni kosa lake: picha za siku hizi ni pana, na TV ya zamani ni karibu mraba, kwa hiyo lazima aache weusi juu na chini, la sivyo zinabanwa. Tena alirekodi kwa mwendo wa polepole ili shughuli yote ienee mkanda mmoja, na mwendo huo unakula picha. Hayo angerekebisha. Lakini ule ukungu haukuwa wake.

"Hii video imeshapita simu ngapi?"

Mpiga picha alimtumia mwanangu, mwanangu akamtumia mjukuu, mjukuu akanitumia mimi.

"Kila ikirushwa inakamuliwa kidogo. Wewe umeniletea makapi, bibi. Nitafutie yenyewe, ile iliyomo kwenye kadi ya kamera. Kama bado ipo."

Hilo la kama bado ipo ndilo lililonipandisha bodaboda saa ile ile. Mpiga picha ni jirani yetu Litembo, ana kadi moja tu, na nilijua Jumamosi ana harusi ya kupiga. Kijana wa bodaboda nilimhimiza mpaka akasimama kando ya barabara akaniuliza, "Bibi, unataka nikufikishe au nikuzike?" Alipoondoka tu, nikaanza tena.

Nilimkuta mpiga picha anageuza kahawa kwenye kichanja. Sikungoja anisalimie.

"Ile kadi umeshaifuta?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshaifuta?"

"Nilikuwa naifuta jioni hii. Si mlishapata video yenu?"

Nikamwambia aache kahawa. Mke wake akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Kadi ilikuwa bado kwenye kamera, na shughuli yetu ilikuwamo yote, tangu sala ya kwanza mpaka watu wanaosha mikono. Alitaka kuninakilia kesho. Nikakaa kwenye kichanja chake, juu ya kahawa yenyewe, nikamwambia basi nitalala hapa. Akaniazima kadi, na mimi nikaifunga kwenye pindo la khanga kwa mafundo mawili. Usiku nikawa naamka kulipapasa lile pindo.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla yake. Safari hii sikuondoka. Niliona anavyofungua deki na kusafisha kichwa cha deki, pale mkanda unapopita, kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, akaniambia pamba huacha nyuzi. Aliupeleka mkanda mpya mbele mpaka mwisho, akaurudisha mwanzo, ili ulegee. Akaunganisha kompyuta kwenye kiboksi kidogo, kiboksi kwenye deki, waya wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Akajaribu kipande, akanionyesha. Mjomba alikuwa amerudishiwa tumbo lake.

"Sasa anza, niwahi gari."

"Haiwahishwi, bibi. Shughuli ilichukua muda gani?"

"Asubuhi mpaka chakula."

"Basi na sisi ni hivyo hivyo. Mkanda haujui kukimbia."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Simu hadi simu ni kufumba na kufumbua. Kwenye mkanda unakaa msibani upya. Nilisikiliza mahubiri yote mara ya pili, na mara ya pili yalikuwa marefu zaidi. Nilitoka nje, nikaangalia mawingu, nikaangalia nyaya za umeme kama vile nikizitazama hazitakatika, nikarudi. Fundi akaniambia kivuli changu kinapita kwenye kioo kama mtu wa tatu anayetaka kurekodiwa. Ulipofika wakati wa kubadilisha mkanda, alingoja nimalize kutaja watoto wa kaka yetu ndipo akasimamisha, ili ukoo usikatwe katikati. Nilimshukuru kwa hilo kuliko yote.

Gari la Lituhi la siku ile nililikosa. La kesho yake nililipanda nikiwa nimepakata kanda zote mbili, na mtu aliyetaka kuweka ndoo yake ya mafuta karibu na miguu yangu nilimtazama mpaka akaihamisha.

Dada alikuwa uani anaanua usipa, dagaa wa ziwani, kwa kupapasa. Alinijua kwa hatua.

"Umechelewa," akasema. "Asubuhi hii nimemwaga chai nje ya kikombe."

Hatukula. Aliuchukua mkanda, akaunusa, akausukuma mwenyewe. Akavuta kigoda mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akawa anageuza kichwa taratibu kama kuku anayetafuta punje, kuiweka picha kwenye lile tundu dogo. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilipoanza kutaja majina kwenye TV, yeye aliitikia kila jina kwa sauti ya chini, "Yupo. Yupo." Alipofika aliyepita bila kushika msalaba akasema, "Huyu hajabadilika." Sikujua anaona au anabahatisha kwa sauti. Ukoo wetu anaujua kama ninavyoujua.

Ikafika pale kamera ilipolisogelea kaburi lenyewe. Akabonyeza, picha ikasimama, inatikisika kidogo.

"Nani alichanganya saruji?"

"Watoto wa shemeji zangu. Kwa nini?"

"Ina ufa. Hapa, chini ya msalaba, upande wa kushoto."

Nikainama. Niliona kitu kama unywele.

"Hiyo ni mikwaruzo ya mkanda, dada. Picha ikisimamishwa inafanya hivyo."

"Usinifundishe mkanda." Akabonyeza, picha ikatembea, akaweka kidole kwenye kioo. "Mstari wa mkanda unapanda na kushuka. Huu umekaa na saruji, kamera ikienda unakwenda nayo. Ninyi wenye macho mlikuwa mnatazama nini siku hiyo? Pilau?"

Tulibishana kuhusu ufa ule tukila, tukabishana tukilala, na asubuhi aliniamsha kwa kuucheza tena.

Niliporudi Litembo sikupita nyumbani. Nilikwenda na mzigo wangu kichwani mpaka makaburini, nikapiga magoti upande wa kushoto wa msalaba. Macho yangu mazima hayakuona kitu. Nikapitisha kidole, na ukucha ukaingia.

Nilimpigia pale pale, kwa simu ya jirani yake, nikiwa bado nimepiga magoti.

"Upo," nikamwambia.

"Sasa inuka ukaite mtu wa saruji," akasema. "Mvua haziko mbali. Na akimaliza, mlete yule mwenye kamera."